Albamu za rapu za kununua kwanza: santuri, CD au kaseti?

CD ya kwanza ya rapu niliyoagiza kwa pesa yangu ilifika ikiwa safi mno. Jalada halina mkwaruzo, kijitabu cha picha kipo, diski inang'aa kama kioo. Nikaiweka, nikakaa mkao wa kula, na ubeti wa kwanza ukaja na matobo: neno, kimya, neno, kimya, halafu mlio wa sauti iliyogeuzwa kinyumenyume. Nilikuwa nimeuziwa toleo lililochujwa matusi, na muuzaji hakuona haja ya kulitaja. Kwenye muziki mwingine ungeweza kuvumilia. Kwenye rapu, ukitoa maneno umetoa chakula ukabakiza sahani.

Tangu siku hiyo, kabla ya kutoa hela natafuta kwanza ile nembo nyeusi na nyeupe ya onyo kwa wazazi. Wanaharakati waliopigania onyo hilo Marekani miaka ya 1980 walitaka watoto wakae mbali. Kwangu mimi imekuwa cheti cha kwamba mzigo umekamilika.

Orodha hii si ya albamu bora za hip-hop. Huo ni ubishi wa kukesha. Ziko albamu ninazoziheshimu sana ambazo sioni faida ya kuwa nazo kwenye santuri, na ziko nyingine ambazo bila santuri utakuwa umezisikia nusu. Nimezipanga kwa swali moja tu: ukishainunua, utaiweka mara ngapi na kuisikiliza mpaka mwisho?

Kama unajiuliza kwa nini ununue wakati simu ina kila kitu, simu haina kila kitu. Albamu ya kwanza ya kundi la De La Soul ilikosekana kwenye programu za kusikilizia muziki mpaka Machi 2023, miaka 34 baada ya kutoka, kwa sababu ya migogoro iliyohusu haki na sampuli, yaani vipande vilivyokatwa kwenye nyimbo za watu wengine. Mwaka 2016 Kanye West aliachia The Life of Pablo mtandaoni kisha akaendelea kuifumua na kuishona huku watu wakiisikiliza. Diski iliyo kabatini haiwezi kubadilishwa na mtu usiku ukiwa umelala.

Jambo moja la kiufundi kabla ya orodha, maana ndilo linaloamua karibu kila kitu. Santuri ya inchi 12 inayozunguka mara 33 na theluthi kwa dakika hubeba vizuri kama dakika 20 hivi kila upande. Ukizidisha, mifereji ambamo sindano hupita inabanwa, sauti inashuka na besi inanyong'onyea. CD inabeba zaidi ya dakika 70, ndiyo maana miaka ya 1990 marapa walianza kujaza nafasi yote kwa maigizo mafupi, salamu na nyimbo za wageni. Kwa hiyo tazama dakika kwanza, jalada baadaye.

1. Illmatic, Nas (1994). Santuri.

Nyimbo kumi, dakika zisizozidi 40. Inaingia kwenye santuri moja kama mkono kwenye glavu. Hata pande zake zilipewa majina badala ya A na B: upande mmoja ni 40th Side North, mwingine 41st Side South, kwa heshima ya mitaa ya Queensbridge, mtaa wa nyumba za serikali jijini New York alikokulia. Ukiigeuza diski ni kama unavuka barabara.

Nas alikuwa na miaka 20 ilipotoka. Maprodyuza waliomzunguka, DJ Premier, Pete Rock, Large Professor, Q-Tip na L.E.S., kila mmoja alikuja na biti ambayo angeweza kuiweka kwa ajili yake mwenyewe, na bado albamu inasikika kama imetoka chumba kimoja. Sogea kwenye wimbo wa tatu, mwishoni kabisa, maneno yanapokwisha. Tarumbeta inaingia polepole, haina haraka na mtu. Anayepuliza ni Olu Dara, baba yake Nas. Kwenye simu nilikuwa naruka sehemu hiyo kila mara, kwa kuwa kidole kiko karibu. Kwenye santuri uvivu wa kuinuka ulinilazimisha kuisikiliza, na sasa ndiyo sehemu ninayoisubiri.

Matoleo ni mengi, yapo ya maadhimisho yenye nyimbo za ziada. Usihangaike nayo. Zile kumi zinatosha.

2. The Low End Theory, A Tribe Called Quest (1991). Santuri, na spika zenye kifua.

Jina lenyewe linakwambia cha kufuata: huku chini, kwenye besi. Kwenye Verses from the Abstract anayepiga besi ni Ron Carter, yule yule aliyekuwa kwenye kundi la jazi la Miles Davis miaka ya 1960. Q-Tip na Phife Dawg wanapokezana kama watu wawili wanaomalizia sentensi moja, mmoja ana sauti ya kunong'ona, mwingine ana kelele na masihara.

Ina dakika 48 hivi, yaani iko ukingoni mwa kile santuri moja inachoweza. Wimbo wa mwisho, Scenario, ndio wenye fujo kuliko zote, wageni wamejaa, na Busta Rhymes anaingia kama mtu aliyepiga mlango teke. Kwa bahati mbaya wimbo wa mwisho wa kila upande hukaa karibu na kitovu cha diski, mahali ambapo sindano husoma kwa shida zaidi. Kwa hiyo ukinunua iliyotumika, omba usikilizishwe Scenario. Herufi "s" zikitoka kama mafuta yanayokaanga, aliyekuwa nayo aliitesa kwa sindano mbovu. Mwachie.

3. Ready to Die, The Notorious B.I.G. (1994). CD, tena ya zamani.

Hapa ndipo watu wengi hupigwa bila kujua. Machi 2006 baraza la mahakama nchini Marekani liliamua kwamba wimbo uliobeba jina la albamu ulitumia kipande cha kundi la Ohio Players bila ruhusa, na mauzo yakasimamishwa kwa muda. Matoleo yaliyofuata hayana kipande hicho. Wengine watakwambia tofauti ni ndogo. Mimi niliyeizoea ile ya mwanzo naisikia kama jino lililong'oka, ulimi unakwenda palepale kila mara.

Tafuta CD iliyochapishwa kabla ya 2006. Zilitengenezwa nyingi, hazijawa adimu, na wauzaji wengi hawajui wanachouza. Soma mwaka nyuma ya jalada lakini usiuamini peke yake, kwa kuwa mwaka wa hakimiliki hubaki ule ule hata diski ikichapishwa upya. Weka, sikiliza, linganisha na iliyoko mtandaoni. Na angalia ile nembo, yasije yakakukuta yaliyonikuta.

4. Madvillainy, Madvillain (2004). Santuri, diski mbili.

Ni watu wawili: MF DOOM anayerapu na Madlib anayetengeneza biti. Nyimbo 22 ndani ya dakika 46, nyingi hazina kiitikio, nyingine zinakwisha kabla hujajua zimeanza. Accordion haifiki hata dakika mbili. Kwa hesabu hiyo ungeweza kudhani ni albamu ya simu, ya kuruka huku na huku. Sivyo. Kwa jinsi vipande vilivyo vifupi, ukiruka kimoja umepotea, na santuri inakunyima nafasi ya kuruka. Diski mbili kwa dakika 46 maana yake mifereji imepewa nafasi ya kupumua, na vumbi la santuri za zamani ambalo Madlib aliliacha kwa makusudi linachanganyika na vumbi lako mwenyewe mpaka hujui lipi ni la nani.

Jalada: uso wenye barakoa ya chuma, rangi ya kijivu, na kiboksi kidogo cha rangi ya chungwa kwenye kona. Chapa za wizi hujulikana hapo hapo, kwa kuwa picha huwa imefifia kama iliyopigwa fotokopi.

5. Only Built 4 Cuban Linx…, Raekwon (1995). Kaseti, kama una moyo.

Kaseti si chaguo la akili, nakubali. Utepe unachakaa, na kutafuta wimbo ni adhabu. Lakini albamu hii mashabiki waliipa jina kutokana na kaseti yenyewe: plastiki yake ilikuwa ya zambarau, tofauti na za wengine wote, ili ijulikane hata ikiwa mkononi mwa mtu ng'ambo ya barabara. Raekwon na Ghostface Killah wanasimulia habari za magenge kwa lugha ya mafumbo, RZA amesimamia biti zote, na sauti ya kaseti yenye ukungu kidogo inaipendeza.

Zile za 1995 wakusanyaji wamezing'ang'ania. Kama unataka muziki tu, chukua CD na usione haya.

6. To Pimp a Butterfly, Kendrick Lamar (2015), na The Miseducation of Lauryn Hill (1998). CD zote mbili.

Naziweka pamoja kwa sababu tatizo lao ni moja, urefu. Ya Kendrick ina dakika 79 hivi. Kuna shairi linalojengwa mstari kwa mstari kati ya nyimbo, kila likirudi limeongezeka, mpaka mwisho linasomwa lote na kufungua mazungumzo na 2Pac, sauti yake ikiwa imetolewa kwenye mahojiano ya 1994. Kwenye santuri unaamka mara tatu kugeuza au kubadili diski, na kila ukiamka uzi unakatika. CD moja inaimeza nzima.

Ya Lauryn Hill nayo ina zaidi ya dakika 70, ikiunganishwa na mazungumzo ya darasani kuhusu mapenzi. Mwalimu unayemsikia ni Ras Baraka, ambaye baadaye alikuwa meya wa Newark. Ilikuwa albamu ya kwanza ya hip-hop kushinda Grammy ya albamu ya mwaka, 1999. Ninayo kwenye santuri, jalada lake la dawati la mbao lililochongwa uso linapendeza ukutani, na ninapotaka kuisikiliza kweli naweka CD. Hukumu ndiyo hiyo.

7. Donuts, J Dilla (2006). CD au faili, chochote chenye kitufe cha kurudia.

Hakuna rapa hapa, ni biti tupu, vipande 31. Ilitoka siku Dilla alipotimiza miaka 32, na siku tatu baadaye akafariki. Nimeiweka mwisho kwa sababu si kila shabiki wa mistari atakaa nayo, lakini ina hila moja. Kipande cha kwanza kinaitwa "mwisho", cha mwisho kinakukaribisha kwenye onyesho, na sauti inayokata kule inaungana na inayoanzia huku. Ni duara, kama jina lake. Bonyeza kurudia, uone kama utatambua ilipoanza upya.

Ambazo ningesubiri

All Eyez on Me ya 2Pac (1996) ni CD mbili, zaidi ya saa mbili. Kwenye santuri ni diski nne, pande nane. Utakuwa umefanya mazoezi ya viungo. Tena, kusema kweli, nusu yake ingeachwa nisingeikosa. Mashabiki wake wanisamehe, au wasinisamehe.

Na hizi santuri za rangi rangi zinazotolewa kwa idadi ndogo, zenye michirizi na madoa, nunua kama unapenda kutazama. Rangi haiongezi chochote masikioni. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni: Wu-Tang Clan walitengeneza albamu nzima kwa nakala moja tu duniani, ikanunuliwa 2015 na mfanyabiashara wa dawa za hospitali, Martin Shkreli, kisha serikali ya Marekani ikaichukua baada ya yeye kuhukumiwa. Nakala moja, na wapenzi wa kundi wakabaki kusoma habari zake.

Ukishika santuri iliyotumika

Itoe nje ya mfuko, uiinamishe chini ya taa. Mikwaruzo myembamba inayoonekana tu mwanga ukiipiga kwa pembe mara nyingi haisikiki. Mkwaruzo unaoukwaza ukucha utausikia, tena kila mzunguko. Weka diski mbele ya macho kama unatazama ukingo wa meza, uone kama imepinda. Kisha soma namba zilizochongwa karibu na kitovu. Zinapaswa kulingana na taarifa za toleo unaloambiwa.

Na hesabu diski. Niliwahi kupokea albamu ya diski mbili ikiwa na moja, nayo ilikuwa pande C na D. Mpaka leo albamu hiyo naijua kuanzia katikati.