Praima ya Modeli kwa Anayepaka Rangi Ndani ya Nyumba: Ipi Haibanduki na Tepu?

Kazi ya majuma saba iliniharibikia kwa kuvuta kipande kimoja cha tepu. Nilikuwa nimejenga kwa karatasi za plastiki modeli ya MV Victoria, ile meli iliyoundwa Scotland, ikaletwa vipande vipande na kuunganishwa Kisumu kabla ya kuanza safari zake ziwani mwaka 1961, na nilikuwa nimefikia hatua ya kutenganisha rangi ya tako la meli na rangi ya ubavu. Tepu ilipotoka, ilitoka na rangi zote mbili pamoja na praima, yaani rangi ya msingi inayotangulia kupakwa, iliyokuwa chini yake, ikabaki plastiki nyeupe tupu kama siku niliyoikata. Praima hiyo niliinunua hapa Mwanza katika chupa ambayo muuzaji alikuwa amejaza mwenyewe na kubandika karatasi yenye neno moja tu: praima. Nilimwamini kwa sababu alizungumza kwa uhakika.

Tangu hapo sitazami tena weupe wa praima, ulaini wake, wala wingi wa rangi zinazouzwa. Nauliza jambo moja: tepu ikivutwa, je, praima inabaki? Kwa wanaotumia akriliki, yaani rangi na praima za maji, swali hili ni zito zaidi. Praima za laka zina viyeyushi vinavyolainisha kidogo uso wa plastiki na kujishikiza humo, ilhali praima ya maji haiyeyushi kitu. Hukauka juu ya plastiki kama ngozi. Mafuta ya vidole, au yale ya kutolea vipande kwenye kalibu kiwandani, yakibaki katikati, ngozi hiyo haina pa kushika.

Mtu wa mbali anaweza kuuliza kwa nini basi nisipulize laka dirisha likiwa wazi. Anayeishi karibu na maji anajua jibu. Wadudu wadogo wa ziwani, wale wanaoinuka kama moshi juu ya maji, huifuata taa jioni na kunasa kwenye rangi mbichi kwa mamia. Na kuwatoa mmoja mmoja kwa kibanio ni kuharibu uso wote. Mimi napaka rangi usiku, dirisha likiwa limefungwa, na mlango wa pili ndio wa chumba wanacholala wanangu.

Kwa sababu hiyo Mr. Surfacer ya GSI Creos na Tamiya Fine Surface Primer, zote za Japani, naziweka nafasi ya tatu ingawa kwa kushika zinazishinda nyingine zote. Mr. Surfacer hutambulika kwa namba, 500 ikiwa nzito ya kufukia mikwaruzo na 1500 ikiwa laini kabisa, na mwenye banda la nje au feni ya kutolea hewa nje asisite kuinunua. Lakini mvuke wake haufai ndani ya nyumba, na barakoa ya kitambaa au ya vumbi haiuzuii hata kidogo. Inatakiwa barakoa yenye vichujio vya mvuke. Tena praima ya kopo la kupuliza hairuhusiwi kwenye posta ya ndege, hivyo huku kwetu hufika kwa shida.

Nafasi ya kwanza, bila kusita, naipa Stynylrez ya kampuni ya Badger ya Marekani. Ni akriliki yenye poliurethani, aina ya plastiki ngumu, husafishwa kwa maji, hujisawazisha yenyewe hata ikipakwa kwa brashi ya kawaida, na ikikauka vizuri hukubali msasa laini bila kuchanika. Sifa hii ya mwisho ndiyo iliyoniteka, kwa sababu praima inayoweza kusuguliwa hadi ukingo wake ukaisha polepole ni praima inayoweza kurekebishwa bila kuivua yote. Ni nzito kidogo, kwa hiyo kwenye brashi ya upepo, kile kifaa cha kupulizia rangi, hupendelea sindano ya milimita 0.5 na mgandamizo wa paundi 25 hadi 30 kwa inchi ya mraba. Mwenye sindano nyembamba ataiona ikiziba mara kwa mara. Ubavu wa MV Victoria niliusugua wote, nikauosha kwa sabuni ya vyombo, nikaupaka Stynylrez kwa matabaka membamba na kusubiri saa 48 kwa kuwa zilikuwa mvua za masika, na hewa yenye unyevu huchelewesha maji kutoka kwenye rangi. Tepu niliyoivuta baada ya hapo ilikuwa safi. Hata hivyo, ukipuliza praima ya maji vaa barakoa, kwa maana matone yake huelea hewani na si ya kuvutwa pumuni.

Vallejo Surface Primer ya Uhispania ni ya pili. Inapatikana katika chupa za ukubwa mbalimbali, haina harufu kali, na imetengenezwa itumike bila kuongezwa maji. Udhaifu wake unajulikana: utando wake huvutika kama mpira, na msasa huuchana badala ya kuupunguza. Anayeinunua asafishe plastiki kwa uangalifu, asubiri siku nzima au zaidi, kisha aivute tepu taratibu ikiwa imelala karibu na uso.

Rangi ya maji ya ukuta na praima ya magari zisiingie kwenye modeli. Ya kwanza hufunika nakshi, ya pili inaweza kuyeyusha plastiki.

Linaloniumiza ni biashara ya kumimina. Muuzaji hununua chupa kubwa, huigawa katika chupa ndogo zisizo na jina la mtengenezaji wala tarehe, na bei ya mililita moja hupanda kuliko ya chupa halisi. Niliporudi na kipande kilichobanduka, niliambiwa kwamba mkono wangu ndio mbaya. Inawezekana niliacha mafuta mahali fulani, lakini ningewezaje kujua kama chupa haikuongezwa maji?

Kwa hiyo chupa yoyote mpya huijaribu kwanza kwenye masalio ya plastiki ileile ya modeli. Vijiko vya plastiki sivitumii, kwa kuwa vingi ni vya polipropilini, ambayo haishikwi vizuri na rangi, navyo vitaifanya hata praima njema ionekane mbovu. Napaka, nasubiri siku moja, nabandika tepu, naikandamiza kwa ukucha, kisha naivuta kwa nguvu kuliko nitakavyoivuta kwenye meli yenyewe. Kipande cha chupa ile ya mjini bado ninacho mezani, tepu ikiwa imegandamana na praima yake yote.