Mita ya pumzi: mume na mke wasitumie klipu zilezile

Mita ya pumzi ni kibomba cha plastiki chenye mdomo wa kupulizia, springi ndani, na kishale kinachosukumwa na hewa kwenye mstari wa namba, kuonyesha kasi ya pumzi unayoitoa. Haitumii betri. Anayeitafuta Kampala aanze na famasi kubwa za Wandegeya, karibu na hospitali ya Mulago. Tunayoizungumzia hapa ni ya watu wazima, inayosoma lita 60 hadi 800 kwa dakika. Usiuziwe ya watoto. Inaishia karibu 400, na mwanaume mwenye mapafu mazima ataifikisha mwisho kwa pumzi moja.

Kwa mwenye pumu tunaipendekeza bila kusita. Kasoro yake kubwa iko kwenye klipu tatu za rangi zinazobanwa kando ya mstari wa namba: kijani, njano na nyekundu. Watu huzipanga mara moja, kisha nyumba nzima ikapulizia hapohapo.

Klipu hupangwa kwa namba bora ya mtu mmoja. Puliza asubuhi na jioni kwa wiki mbili, wakati pumu imetulia, na uandike kila siku. Namba ya juu kabisa uliyofikia ndiyo yako. Kuanzia asilimia 80 yake kwenda juu ni kijani, 50 hadi 80 ni njano, chini ya 50 ni nyekundu: pampu ya bluu, ile ya kufungua kifua haraka, papo hapo na safari ya hospitali.

Sasa chukua mume ambaye namba yake bora ni 600 na mke ambaye yake ni 400. Mapafu ya mwanamke kwa kawaida ni madogo na njia zake za hewa ni nyembamba, kwa hiyo 400 kwake ni afya njema. Kijani cha mume kinaanzia 480. Mke akipulizia kwenye klipu hizo, kila siku ataonekana mgonjwa na atameza dawa asizohitaji. Geuza: klipu za mke zinaanza kijani kwenye 320. Mume akipuliza 350 anaona kijani, anapanda boda kwenda kazini, kumbe yuko chini ya asilimia 60 ya uwezo wake. Hili la pili ndilo linalotutia hofu zaidi. Mita moja mnaweza kuichangia, lakini kila mtu awe na kidaftari chake na namba zake.

Kwa mwanamke, kidaftari hicho kina kazi nyingine. Weka alama siku hedhi inapoanza. Baadhi ya wanawake hubanwa kifua siku chache kabla yake, na kwenye karatasi utaliona wazi: 390, 385, kisha 310, 300, halafu damu inatoka na namba inapanda. Likijirudia miezi miwili au mitatu, mpelekee daktari daftari hilo ili aangalie upya kiasi cha dawa ya kuzuia, ile ya kila siku ya kukinga pumu isibane. Mjamzito naye aendelee kupuliza. Mimba yenyewe haishushi namba hii kwa kiasi kikubwa, kwa hiyo ikishuka usiseme ni mtoto anasukuma. Ni pumu, na pampu ya kuzuia isiachwe kwa sababu ya mimba.

Wavulana wadogo hupata pumu zaidi kuliko wasichana, lakini baada ya kubalehe mambo hugeuka na wanawake ndio wengi. Anayepikia sigiri ndani ya muzigo, chumba kimoja cha kupanga, usio na dirisha huongezewa na moshi. Apime kabla ya kuwasha makaa na tena baada ya kupika; tofauti ya namba itamsaidia kudai jiko litolewe nje.

Kupuliza kwenyewe: simama, rudisha kishale chini, vuta hewa hadi kifua kijae, bana midomo, puliza kwa nguvu na kwa ghafla. Rudia mara tatu, andika kubwa. Namba ikiwa ndogo ajabu, angalia kidole chako. Mara nyingi kimeziba njia ya kishale. Ikiwa kubwa ajabu, umepuliza kama anayetema mate. Ioshe kila wiki kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, uikung'ute na kuiacha ikauke yenyewe, kwa sababu unyevu hukwamisha kishale.