Lenzi ya sonara na mizani ya mfukoni kutoka Kariakoo, baada ya miezi minane

Nina duka Temeke, na kila jioni makonda wa daladala huniletea sarafu niwape noti. Humo ndimo ninamosaka sarafu zenye kasoro za kiwandani: zilizochapwa upande, zenye ufa wa chapa (yaani muhuri wa chuma unaochapia sarafu ulikuwa umepasuka), zilizotoka na pengo. Zamani nilitumia macho na tochi ya simu tu. Kisha nikaenda Kariakoo, nikanunua lenzi ya kukunja kwa shilingi 9,000 (muuzaji alianzia 15,000) na mizani inayosoma hadi gramu 0.01 kwa 28,000.

Lenzi imeandikwa 30 ubavuni. Si kweli. Nimeilinganisha na ya jirani yangu sonara, ambayo ni ya mara 10, na maandishi yalionekana kwa ukubwa uleule. Kwa sarafu mara 10 zinatosha kabisa, ila muuzaji angesema ukweli. Katikati kioo ni safi, kingoni picha inapinda kidogo. Skrubu ililegea mwezi wa pili, nikaikaza kwa bisibisi ya miwani.

Faida yake niliiona kwa sarafu mbili tofauti za shilingi mia. Ya kwanza ililetwa na konda kijana: "Mama, nipokelee hii, abiria wote wameikataa." Ilikuwa imeliwa pembeni kama mwezi mchanga. Moyo ulinienda mbio! Lakini sarafu ya 100 ni chuma kilichovishwa shaba ya njano, ndiyo maana sumaku huinasa. Chini ya lenzi nikaona palipoliwa ni pa kijivu, pana mikwaruzo ya tupa na kutu imeshaanza. Mtu aliikata mwenyewe.

Ya pili ilikuja wiki kadhaa baadaye, na hiyo bado naitoa kila siku kuitazama. Ndani ya pengo ni njano ileile ya sarafu nzima. Na ng'ambo ya pili, mkabala na pengo, ukingo umefifia, karibu haupo. Hapo ndipo penye ushahidi. Kiwandani mashine hukata vipande kutoka kwenye bamba. Ikikata juu ya tundu la kipande kilichotangulia, kinatoka na pengo. Baadaye kipande hubanwa huku kikizungushwa ili ukingo uinuke, na kwa kuwa kwenye pengo hakuna cha kukaza, upande wa pili nao hauinuki. Shaba huvishwa baada ya hapo, ndiyo maana imeingia hadi ndani ya pengo. Mwenye tupa hawezi kuiga hayo.

Mizani nimeitumia kuthibitisha tu, na kweli sarafu ile ni nyepesi kuliko wenzake. Ni nzuri, lakini haitaki feni. Kwa joto la Dar hilo ni tatizo: feni ikizunguka namba hazitulii, ukizima unalowa jasho. Mimi huifunika kwa bakuli la plastiki linaloonyesha ndani. Haikuja na jiwe la kupimia, kwa hiyo huijaribu kwa sarafu safi za 500 za mwaka 2014, ambazo zinatakiwa kukaribia gramu 9.5.

Kama hela yako inatosha kimoja, chukua lenzi.

Lenzi nimeitumia pia kwa heller 20 ya mwaka 1916, sarafu ya wakati wa ukoloni wa Wajerumani, aliyoniletea mama mkwe kutoka Tabora, yenye herufi T. Wajerumani walizitengeneza pale pale Tabora, kwenye karakana ya reli, kwa sababu Waingereza walikuwa wamefunga bahari na fedha hazifiki. Chapa zilikuwa duni na kazi ya haraka, kwa hiyo nyingi zimekaa upande. Ukiuziwa moja kwa bei ya juu eti kwa sababu imechapwa vibaya, irudishe. Ya mama mkwe ina mstari mwembamba ulioinuka, unaopita kwenye taji hadi ukingoni. Ni ufa wa chapa yenyewe, na kwa macho matupu nilidhani ni uchafu nikataka kuusugua.