Pinotage ya Afrika Kusini: mvinyo mwekundu unaodai nyama ya makaa

Ukimimina Pinotage ya Swartland, moja ya maeneo ya mvinyo ya Afrika Kusini, usiikimbilie. Harufu ya kwanza kupanda ni ya moshi na udongo mkavu. Iache glasini kidogo, plamu iliyoiva na matunda meusi yanaanza kujitokeza. Mdomoni ni nzito, tanini zake zinaacha ukakasi kwenye ufizi, halafu uchachu unasafisha kinywa na unatamani funda jingine. Katika mvinyo mwekundu wote niliouonja, huu ndio ninaourudia.

Zabibu yake ilizaliwa hukohuko Afrika Kusini. Mwaka 1925 Profesa Abraham Perold wa Chuo Kikuu cha Stellenbosch alichavusha aina mbili za zabibu, Pinot Noir, inayopenda ubaridi, na Cinsaut, inayostahimili jua na ukame, akapata aina mpya. Ilichukua muda mrefu kufika mezani: chupa ya kwanza iliyoandikwa Pinotage kwenye lebo, ya chapa ya Lanzerac, iliingia sokoni mwaka 1961.

Wengi huidharau, na sababu yao naijua. Niliwahi kununua chupa rahisi iliyonuka rangi ya ukutani na ndizi zilizoiva kupita kiasi. Harufu hizo huzaliwa zabibu zinapochachuka, na mtengenezaji makini anajua kuzidhibiti. Kwa hiyo usiihukumu zabibu nzima kwa chupa kama hiyo. Ipo pia mitindo inayonukia kahawa na chokoleti, inayotokana na mbao za mwaloni zilizobanikwa sana, ambamo mvinyo hukaa. Ina wapenzi wengi, lakini mimi naona ladha ya mti inaifunika ya zabibu.

Ninachotafuta ni mizabibu mikongwe iliyoachwa ikue kama vichaka, bila nyaya za kuishikilia. Swartland, mingi ya aina hiyo hutegemea mvua tu. Inazaa kidogo, punje ni ndogo na ganda ni nene, ndiyo maana mvinyo wake una rangi nzito na nguvu. Vilima vya Bottelary, upande wa Stellenbosch, vinanipa kitu kilichotulia zaidi: matunda yaleyale, lakini tanini laini. Paarl kuna joto, na mvinyo wake huwa mnene na mtamu wa matunda. Karibu na bahari, Walker Bay, unakuwa mwepesi, unakaribia tabia ya Pinot Noir.

Kwenye chakula, hapa sina mjadala: braai, nyama choma ya Afrika Kusini. Mbavu za mwanakondoo zikidondosha mafuta kwenye makaa, moshi wa nyama na moshi wa mvinyo vinakutana, na yale mafuta yanaulainisha ukakasi. Boerewors nayo, soseji ya kienyeji ya huko, kwa sababu ya giligilani iliyomo, inaenda nao vizuri sana. Nyama ya springbok, aina ya swala, iliyopikwa taratibu pia. Bobotie, nyama ya kusaga inayookwa, yenye bizari na utamu wa zabibu kavu, nachagulia chupa laini ya matunda mengi, maana tanini kali zinagombana na viungo. Samaki mwepesi usimguse.

Jambo moja watu hulipuuza: joto la chupa. Ikinywewa ya vuguvugu, pombe inatangulia puani na matunda yanapotea. Mimi naiweka kwenye friji kidogo hadi ifike kama nyuzi 16, na ikiwa changa naimimina kwenye jagi ipate hewa. Chupa nzuri ya Bottelary inaweza kulazwa miaka 10 bila wasiwasi. Ya bei ya chini ifungue mwaka huohuo.