Mwalimu wa Kiitaliano wa mtandaoni: nilikua nimekwama, sasa afadhali

Mi niko Malindi, Kiitaliano cha biashara nakijua kitambo, ciao, quanto costa (bei gani), sconto (punguzo), lakini kama miaka mitatu hivi nilikua palepale tu, mgeni akianza hadithi ndefu nabaki kucheka na sì sì. App ya bure niliyokua natumia ilikua inanirudishia vitu nishavijua, pointi zapanda, mdomo mzito vilevile.

Sasa nikalipia mwalimu wa vidiokoli, mara mbili kwa wiki nusu saa, na siku ya kwanza akanirekodi nikisimulia siku yangu alafu akaniskizisha. Aisee aibu! Kila mahali "ho andato" badala ya "sono andato" (yaani nilienda), na vile vineno vyao vidogo "ci" na "ne" nilikua navikwepa kabisa. Homuwaki ni kusimulia hadithi ileile mara tatu huku unapunguza dakika. Yachosha, lakini juzi nimewatembeza wazee wawili Waitaliano magofu ya Gede na sikurudi kwa Kiingereza hata mara moja.

Ubaya, bei sio ya mtu wa bichi, na akichelewa yeye hafidii dakika zako. Nyota nne.