Molti ya mahindi ya bluu kutoka Baltimore: chupa moja safi, moja ya kumwaga

Nianze na jina, maana linapotosha. Kinachoandikwa "malt liquor" kwenye chupa za Marekani hakihusiani na vile vinywaji vya kimea visivyo na kileo vya maduka ya Dar, wala hakiko kundi moja na konyagi. Ni bia ya laga iliyotiwa nguvu, mara nyingi asilimia 6 hadi 8, ambamo sehemu ya shayiri imeondolewa na nafasi yake kuchukuliwa na mahindi, mchele au sukari. Baadhi ya majimbo yaliwahi kulazimisha jina hilo kwenye bia yoyote inayovuka kiwango fulani cha kileo, hata kama ladha yake ni ya aina nyingine kabisa. Mimi nitaiita molti tu.

Niliyoonja ni ya kiwanda kidogo cha Baltimore, mji ule ule ambako kiwanda cha National Brewing kilitoa molti iitwayo Colt 45 mwaka 1963. Jina la kiwanda nimelificha makusudi. Nilinunua chupa mbili, moja ikawa mbovu, na nina hakika karibu yote kwamba mwenye kosa ni duka. Chupa ni ya aunsi 40, yaani mililita 1,183, kioo cheupe kisicho na rangi, kizibo cha kuzungusha, kileo asilimia 7.2, dola 13. Lebo inasema mahindi ya bluu ni asilimia 30 ya nafaka yote na bia haikuchujwa. Wazo lenyewe si geni: kiwanda cha Dogfish Head cha Delaware kiliwahi kutoa molti iitwayo Liquor de Malt ya mahindi mekundu, meupe na ya bluu, chupa ya ukubwa huu huu, pamoja na mfuko wake wa karatasi ya kaki.

Kabla hujafungua, piga hesabu. Asilimia 7.2 ya mililita 1,183 ni mililita 85 za kileo. Bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina 25. Kwa hiyo hapa umeshika karibu bia tatu na nusu kwa mkono mmoja. Tuligawana watu wanne, na kipimo kilitosha.

Niliisimamisha kwenye friji siku nzima ili hamira ikae chini, nikamimina polepole na kuacha kama vidole viwili mwishoni. Ukitikisa au ukiinamisha chupa mara nyingi, machicha yanapanda na glasi za mwisho zinakuwa na ladha ya unga wa mkate mbichi. Rangi ni dhahabu yenye wekundu kwa mbali. Anayesubiri bluu atasubiri sana, kwa sababu rangi ya mahindi haya imo kwenye tabaka za nje za punje, na ikikutana na uchachu wa bia inageuka kuelekea wekundu. Povu lilipanda vidole viwili na kufa ndani ya dakika mbili. Hilo nalo ni kawaida ya bia yenye mahindi mengi, kwani protini inayoshika povu hutoka zaidi kwenye shayiri.

Kwenye nyuzi 4 za Selsiasi haisemi kitu. Tamu kidogo, safi, nyepesi kuliko nguvu yake. Nikaiacha mezani hadi nyuzi 8, na hapo ikafunguka: bisi zisizo na chumvi, ganda la mkate, na utamu wa togwa ambayo haijaanza kuchacha, kisha uchungu mdogo wa hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu, unaofuta ulimi. Kileo unakisikia kifuani tu, kooni hakiungui. Wengi hushindwa hapo. Molti nyingi za bei rahisi huongezewa sukari, pamoja na vimeng'enya vinavyovunja wanga wote kuwa sukari ili hamira iile, na bia ikichachushwa upesi kwenye joto hutoka na kileo kizito na harufu ya rangi ya kucha. Laga ikianza nyuzi 10 hadi 12 na kupewa wiki kadhaa za baridi inatulia. Huyu mpishi alikuwa na subira, inaonekana wazi.

Kuna tone la tufaha bichi, hata hivyo. Hiyo ni dalili ya bia iliyoondolewa juu ya hamira mapema kidogo, wiki moja zaidi ingelimaliza.

Harufu ya mahindi ya kuchemsha sikuikuta, na hapa wanywaji wengi huyasingizia mahindi bure. Harufu ile hutoka zaidi kwenye kimea cheupe cha shayiri, na dawa yake ni kuchemsha saa moja na nusu sufuria ikiwa wazi, kisha kupoza haraka. Mahindi yana shida yake nyingine: wanga wake unahitaji kupikwa kwanza, kama uji, kabla ya kuchanganywa na kimea kwenye nyuzi 63 hadi 65. Ukiruka hatua hiyo unapoteza sukari na bia inabaki na ukungu wa wanga.

Nyuzi 14 ndiyo mwisho wake. Gesi imeisha, utamu unakwama kwenye fizi, na pombe sasa inajitambulisha. Ukikaa peke yako na chupa ya aunsi 40, theluthi ya mwisho utainywa katika hali hiyo hata ufanyeje. Bia hii hii kwenye kopo la mililita 355 ningeipa 8 kati ya 10. Kwa ilivyo naipa 7.

Sasa chupa ya pili. Ya kwanza ilitoka ndani ya friji ya duka, hii ya pili ilikuwa juu ya rafu karibu na dirisha. Kufungua tu, harufu ya kicheche. Mwanga unapopita kwenye kioo cheupe huvunja vitu vichungu vya hopsi na kuzaa kiungo cha salfa chenye harufu hiyo, na kwenye jua kali dakika chache zinatosha. Kuiweka baridi baada ya hapo hakusaidii. Viwanda vikubwa vinavyopenda chupa nyeupe hutumia dondoo la hopsi lililorekebishwa lisivunjike, ila kiwanda kidogo kinachotumia hopsi za kawaida hakina kinga hiyo. Kioo cha kahawia kingeondoa tatizo karibu lote. Ule mfuko wa kaki wanaoucheka watu, kumbe una kazi.

Ukiikuta, chukua iliyo ndani kabisa ya friji, gizani, na uangalie tarehe: zaidi ya miezi mitatu iache. Usiku ikibaki nusu chupa, funga kizibo, isimamishe, na uimalize kesho yake mchana. Siku ya tatu inafaa kulowekea nyama ya nguruwe tu.