Sindano ya kupunguza uzito: kilo zikishaondoka, zitakaa huko?

Habari zenu wapenzi watazamaji, karibuni tena. Leo niko nyumbani, Ilazo, hapa hapa Dodoma, na feni nimeizima ili mnisikie vizuri, kwa hiyo mkiona jasho linanitoka mnivumilie.

Hii mnayoiona mkononi ni sindano yenye umbo la kalamu, na dawa yake inaitwa semaglutaidi. Ni tupu. Ni ya shangazi yangu, ana kisukari cha aina ya pili, anahudhuria kliniki, na ameniruhusu niionyeshe ila sura yake hapana. Jina la dukani ambalo wengi mnalijua ni Ozempic, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017 kwa ajili ya kisukari. Wegovy ni dawa hiyohiyo kwa dozi kubwa zaidi, nayo iliidhinishwa 2021 kwa ajili ya uzito. Unachoma mara moja kwa wiki, tumboni, pajani au kwenye mkono wa juu. Sindano yenyewe ni nyembamba, shangazi anasema mbu wa Dar wanauma zaidi.

Inapunguza kiasi gani? Hilo tulimalize haraka. Kwenye utafiti mkubwa wa 2021, waliotumia kwa wiki 68 walipungua wastani wa karibu asilimia 15 ya uzito wao. Waliochomwa sindano isiyo na dawa, asilimia 2 na kidogo. Kwa hiyo mtu wa kilo 100 anaweza kushuka hadi 85 hivi. Inafanya kazi, sitabishana na mtu.

Mimi nataka tuzungumzie mwaka unaofuata. Kwa sababu kupungua watu wengi tumeshapungua! Kuna aliyepungua kwa ajili ya harusi, kuna aliyepungua mwezi wa Ramadhani. Tatizo ni kubaki hapo.

Mwili ukipoteza mafuta haukupigii makofi. Unaona kama njaa imeingia nyumbani: homoni za kuleta njaa zinapanda, za kushibisha zinashuka, na hata nguvu unazotumia ukiwa umekaa tu zinapungua. Semaglutaidi inaiga homoni inayotolewa na utumbo baada ya kula. Tumbo linachelewa kumwaga chakula, na ubongo unapata taarifa kwamba umeshiba. Ukiacha dawa, baada ya wiki kadhaa inaisha mwilini, na njaa inarudi na mizigo yake. Waliofuatiliwa baada ya ule utafiti kwisha, ndani ya mwaka mmoja walikuwa wamerudisha theluthi mbili ya kile walichopunguza.

Hapa nisikilizeni vizuri, maana ndipo wauza dawa na wauza mazoezi wote wanapokatisha stori. Watu hao walipoacha sindano, na ule ushauri wa chakula na mazoezi waliokuwa wakipewa pamoja nayo ulisimama. Basi mtu atasema, aha, wangeendelea na ushauri wasingenenepa. Upo utafiti mwingine wa mwaka huohuo wa 2021: kundi moja liliendelea na dawa, jingine likabadilishiwa likapewa sindano tupu, na wote waliendelea kupewa ushauri. Walioendelea na dawa walizidi kupungua. Waliobaki na ushauri peke yake waliongezeka karibu asilimia 7. Ushauri wa mdomo, ndugu zangu, haushindani na njaa.

Lakini Denmark walifanya kitu tofauti. Walichukua watu wenye unene, wakawapunguza kwanza kwa chakula kidogo sana, wastani wa kilo 13 ndani ya wiki nane. Kisha wakawagawa kwa mwaka mzima: wengine dawa iitwayo liraglutaidi, ndugu wa semaglutaidi, inayochomwa kila siku, wengine mazoezi ya kusimamiwa, wengine vyote viwili, wengine bila chochote. Waliofanya vyote viwili ndio walipoteza mafuta mengi zaidi. Na mwaka mmoja baada ya kila kitu kusimamishwa, waliokuwa wamechanganya dawa na mazoezi walikuwa wamebaki na matokeo mazuri kuliko waliotumia dawa peke yake. Siyo ushauri, ni miguu iliyozoea kutembea.

Sasa mnaniuliza, nitumie hadi lini? Nendeni Hombolo mkaangalie zabibu. Mzabibu haung'olewi nguzo kwa sababu mwaka huu umezaa vizuri. Kwa watu wengi dawa hii ni nguzo ya miaka, na hata Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa Desemba 2025 linazungumzia matumizi ya muda mrefu, pamoja na msaada wa kubadili ulaji na mwendo. Anayetaka kuacha aongee na daktari wake, asiache tu kwa sababu suruali imeanza kulegea.

Upande wa maisha, nitakachosisitiza ni misuli. Ukipungua haraka huku huli vizuri, unapoteza na nyama yenyewe, siyo kitambi tu. Sindano inakata hamu, kwa hiyo kile kidogo unachokula kiwe na mayai, maharage, choroko, dagaa, kuku. Ugali wa uwele na mlenda naupenda kuliko mnavyodhani, lakini msidanganyane kwamba uwele unapunguza uzito: tonge ni tonge, na karanga za kwenye mlenda zina mafuta yake. Tembea alfajiri kabla jua halijakaa sawa, au jioni. Ongeza kubeba uzito mara mbili kwa wiki, hata ndoo ya maji inatosha. Jimu nzuri zipo mjini, ila kilima cha kuelekea Mlimwa hakidai ada.

Kuhifadhi. Kalamu ambayo haijafunguliwa inakaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, na isigande. Ikiganda, tupa. Kwa hiyo usiibananishe na barafu ukiwa unatoka nayo Dar kwa treni ya SGR, weka kitambaa katikati. Umeme ukikatika, usifungue friji ovyo. Hapa kwetu Oktoba na Novemba joto linapita nyuzi 30, dashibodi ya gari siyo kabati la dawa.

Madhara ya kawaida ni kichefuchefu, kutapika, kuhara au choo kigumu, ndiyo maana dozi inaanzia miligramu 0.25 na kupanda taratibu. Ukitapika sana kwenye jua hili la Dodoma utaishiwa maji na figo zitaumia. Anayechoma insulini au kumeza vidonge vya kisukari vya glibenklamidi anaweza kushuka sukari ghafla. Mjamzito hapana, na anayepanga mimba aache miezi miwili kabla. Kama kwenu kuna historia ya saratani ya tezi la shingo ya aina ya medula, usiiguse.

Na zile za kwenye WhatsApp, "ameniletea dada toka nje"? Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari Juni 2024 kuhusu semaglutaidi bandia. Nunua famasi, kwa cheti cha daktari, na ukiitilia shaka wapelekee TMDA, mamlaka ya kudhibiti dawa, ofisi zao zipo mjini hapa.

Bei sitaitaja, inapishana. Ila usiipigie hesabu ya mwezi, ipigie ya mwaka, halafu ujiulize kama unaimudu bila kukopa kwenye kikoba. Hataza yake India, yaani haki ya kampuni moja kuitengeneza peke yake, ukomo wake ni 2026, na dawa nyingi za madukani kwetu zinatoka huko, kwa hiyo bei huenda ikashuka. Kama haumudu mwaka mzima, mimi ningeanza na kilima na sahani, nikasubiri.

Kwa aliyeandikiwa na daktari na yuko tayari kutembea, naipa nane kwa kumi. Kwa anayetaka sindano peke yake, nne. Wiki ijayo nina mizani tatu za bafuni, na moja inadai nina kilo kumi chini ya nilizo nazo. Nitawaambia ni ipi.